Kabla ya Ghafla

Jumanne tarehe 9 Juni 2020 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba Rais Pierre Nkurunziza alifariki dunia siku iliyotangulia, katika hospitali ya Karusi, akiwa na umri wa miaka 55. Tangazo lilisema moyo wake ulisimama. Jumamosi alikuwa Ngozi akitazama voliboli. Usiku wake akajisikia vibaya, akakimbizwa Karusi. Jumapili akaonekana amepata nafuu, akaongea na watu waliokuwa karibu naye. Jumatatu asubuhi hali ikabadilika, madaktari wakahangaika saa kadhaa, ikashindikana. Alikuwa amebakiza miezi kama miwili kumkabidhi madaraka Évariste Ndayishimiye, mshindi wa uchaguzi wa Mei.

Karusi na Mutaho, kwetu, ni majirani, kwa hiyo msiba huo mkubwa ulitupata tukiwa karibu. Na marehemu alikuwa mtu wa jasho. Alisomea mazoezi ya mwili, akafundisha mazoezi ya mwili, akapanda vilima kwa baiskeli, akacheza mpira na timu yake ya Haleluya hata alipokuwa rais. Ndiyo maana wengi hawakuweza kuyapokea maneno ya tangazo. Mtu wa namna ile moyo wake usimame vipi? Wapo waliotaja korona, wapo waliotaja sumu. Lililozungumzwa kwa sauti ndogo sokoni na kwenye vilabu vya urwarwa, pombe ya ndizi, halikuwa nini kilichomuua. Watu waliuliza nani.

Sina cha kuongeza juu ya kifo kile kuliko kilichotangazwa, wala si kazi yangu. Nimelishika swali lile kwa sababu ndilo linaloulizwa vilimani kwetu kila mara mtu mzima anapoanguka shambani na kutoamka. Na nadhani limetugharimu sana.

Tukianza na tangazo lenyewe, kusema moyo umesimama ni kusema mtu amekufa. Kila kifo hupitia hapo: cha malaria, cha risasi, cha uzee. Kinachotakiwa kujulikana ni kilichoufikisha moyo hapo. Mara nyingi huwa ni mishipa ile myembamba inayoulisha moyo wenyewe. Mafuta hujikusanya ndani yake kwa miaka, siku moja tabaka hilo linapasuka, damu inaganda juu yake, na sehemu ya nyama ya moyo inakosa chakula na kuanza kufa. Hilo ndilo shambulio la moyo. Mgonjwa anaweza kuwa anaongea, anatembea, anasema kifua kinambana au mkono wa kushoto umekufa ganzi, anatokwa jasho la baridi, anadhani ni vidonda vya tumbo. Wanawake wengine hawasikii hata maumivu makali ya kifua: ni uchovu wa ajabu, kichefuchefu, pumzi kuwa fupi. Kusimama kwa moyo ni jambo jingine. Umeme unaouongoza moyo unavurugika, moyo unatetemeka badala ya kusukuma, na mtu anaanguka pale pale. La kwanza linaweza kuzaa la pili baada ya dakika au baada ya siku. Mgonjwa aliyepata nafuu Jumapili bado yuko hatarini Jumatatu, hata kama hakuna mtu aliyemtendea ubaya usiku.

Gharama ya swali la nani inaeleweka ukijua tunapoishi. Mutaho iko kaskazini mwa Gitega, nchi ya migomba na kahawa. Ukipitia Karusi unafika Muyinga, na ukiendelea mbele unafika Kobero, mpakani na Tanzania. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na katika siku zilizofuata watu wa vilima hivi waliuana, jirani na jirani, watu waliokuwa wakiazimana jembe na kuchangia ubatizo. Walionusurika walikusanyika kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, na ya Mutaho ikageuka makazi ambamo watoto walizaliwa na kukua. Leo wengi wanaishi tena mlima mmoja. Wanasalimiana, wanazikana. Lakini kuaminiana kwa namna hiyo kumeshonwa kwa uzi mwembamba, na nimekuja kuona kwamba hakuna kinachoukata upesi kama kifo kisichoelezeka.

Mtu wa miaka hamsini, mwenye nguvu zake, anakunywa kilabuni jioni, anarudi nyumbani, usiku anakufa. Asubuhi watu wanakumbuka alikaa na nani na nani alimwekea mrija kwenye chupa. Au mama ameanza kuvimba miguu, kisha tumbo, halali ila ameegemea ukuta kwa sababu akilala chali anakosa pumzi, na kila aliyekuja kumtazama anaondoka akisema amelishwa kitu. Daktari yeyote akisikia dalili hizo hufikiria kwanza moyo uliochoka: umeshindwa kusukuma, maji yamerudi nyuma yakajaa miguuni, tumboni na kwenye mapafu. Mlimani dalili hizo hizo zinasomwa kama ushahidi. Mtu hutajwa jina. Mara nyingi ni mjane, au mzee asiye na watoto wa kumtetea, au jirani mwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Wazee wa Bashingantahe huitwa waamue shauri ambalo hakuna mwenye kulijua ukweli wake, kwa sababu mwenye ukweli amekwisha kuzikwa. Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema matangani, na macho yanakwenda upande wa nyumba fulani. Methali ni ya kweli kuliko wanavyodhani. Kilichomla kilikuwa ndani kuliko nguo, na kilianza miaka kumi nyuma.

Kilichoanza miaka kumi nyuma, kwa watu wazima wengi, ni presha.

Moyo hupiga kama mara laki moja kwa siku. Kila pigo linasukuma damu kwenye mishipa kwa nguvu fulani, na nguvu hiyo ndiyo inayopimwa kwa kile kitambaa kinachofungwa mkononi na kujazwa upepo. Ikiwa 120 juu na 80 chini, ni vizuri. Ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo kila inapopimwa, huo ni ugonjwa. Shida yake kubwa ni kwamba hauumi. Mtu analima, anabeba matofali, anacheza ngoma arusini, na huku mishipa inaliwa kama mvua ya masika inavyoila njia ya mlimani, kidogo kila siku, hadi asubuhi moja njia haipo. Misuli ya moyo inanenepa kwa kusukuma dhidi ya ukinzani, kisha inakakamaa, kisha inalegea. Wengine huanza kwa kupasukiwa mshipa wa ubongo, wakapooza upande mmoja, na kiharusi nacho hutafutiwa mwenyewe.

Zamani hali haikuwa hivi. Mwaka 1929 daktari Donnison alichapisha kwenye jarida la Lancet vipimo vya watu wapatao 1,000 wa Kenya, na presha ya juu hakuiona hata kwa wazee. Mwaka 1956, kwenye East African Medical Journal, Hugh Trowell, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Mulago, Kampala, aliandika na mwenzake habari za Mwafrika mmoja aliyeugua mishipa ya moyo, kwa sababu wakati huo mgonjwa mmoja wa namna hiyo alitosha kuwa habari. Baadaye watafiti walifuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki. Matokeo yalitoka mwaka 1990: miezi michache mjini ilitosha presha kupanda, na mikojo yao ilionyesha wanakula chumvi zaidi, huku madini yanayopatikana kwenye matunda, maharage na mboga yakipungua. Ukoo ni ule ule. Kilichobadilika ni chungu.

Kwa upande wetu chumvi ina historia ndefu. Kabla ya wakoloni ilitoka Uvinza, ikachemshwa kutoka maji ya chemchemi karibu na mto Malagarasi, ikabebwa mabegani siku nyingi hadi ikafika Burundi. Kitu kilichotembea hivyo hakikumwagwa. Leo pakiti iko katika kila duka, na kando yake vidonge vya mchuzi ambavyo kwa sehemu kubwa ni chumvi iliyotiwa harufu ya nyama. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imehesabiwa chumvi ya mkate, ya mchuzi na ya mishikaki. Akina mama wanaopika maharage kwa familia ya watu wanane wanaweza kupima wenyewe. Silaumu mapishi ya kwetu. Maharage, lengalenga, ndizi, viazi vitamu, kutembea vilima kutwa nzima: mtu akitaka kubuni maisha ya kuulinda moyo atabuni karibu na haya. Yanayoyaharibu yameingia juzi juzi, na mengine ni ya zamani lakini yameongezeka: pombe ya kila jioni, sigara, na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha, ambao mwanamke anauvuta tangu utotoni na ambao huumiza mishipa ya moyo pamoja na mapafu.

Dawa za presha zipo, na nyingi ni za siku nyingi na za bei nafuu kuliko dawa nyingine. Kinachoshinda watu ni kuzimeza. Malaria inakufundisha kunywa dawa hadi upone, kisha unaacha. Presha haina kupona, na kwa kuwa haikuumiza mwanzo, huwezi kusikia tofauti. Muuguzi anamwambia mzee aliyepotea miezi mitatu, "Mzee, mbona dawa umeziacha?" Mzee anajibu, "Muganga, mbona mimi siumwi?" Wote wawili wana haki. Lakini mwenye kujua ni yule mwenye kipimo mkononi, na mara nyingi mzee huyo amepanda vilima viwili kuja kituoni, akakuta dawa zimekwisha. Akirudi bure mara mbili, ya tatu haji. Anayetaka kumsemea mzee ukaidi ahesabu kwanza hizo safari.

Nimeanza na watu wazima, na hapo ndipo tunapoanzia karibu wote tunapozungumzia moyo. Ila ugonjwa wa moyo unaoniuma zaidi unaanza kooni mwa mtoto.

Mtoto wa miaka minane anaumwa koo na homa. Siku tatu, nne, amepona, amerudi shuleni. Vijidudu vilivyosababisha vinaitwa streptokokasi, na mwili katika kupigana navyo huweza kuchanganyikiwa ukaanza kuushambulia moyo wenyewe. Wiki mbili tatu baadaye viungo vinavimba na kuuma, goti leo, kiwiko kesho, kisha vinaacha. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo hupona kabisa. Milango ya moyo, zile vali zinazofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma, hubaki na makovu, na kila koo linapougua tena bila dawa kovu linaongezeka. Ugonjwa huu karibu umesahaulika Ulaya. Umebaki kwa watu wanaolala wengi chumba kimoja na walio mbali na dawa ya kwanza.

Nirudi hapa kwa Nkurunziza kwa jambo jingine. Tarehe 1 Mei 2006 alitangaza kwamba matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano na uzazi vitakuwa bure. Wanaokumbuka zamani, wagonjwa na akina mama waliojifungua walivyozuiliwa hospitalini hadi ndugu walipe, wanajua tangazo lile lilikuwa na uzito gani. Liliokoa watoto, na nalisema kwa shukrani. Lakini homa ya baridi yabisi huwashika zaidi watoto wa kuanzia miaka mitano hadi kumi na mitano. Yaani mlango wa matibabu ya bure unafungwa pale pale ugonjwa unapoingia. Koo la mtoto wa miaka minane ni la mfuko wa baba yake, na baba ataona koo si kitu cha kuuzia kuku.

Miaka inapita. Msichana ana kumi na nne na anaachwa nyuma na wenzake wakitoka kuteka maji. Anasimama katikati ya mlima akiwa ameshika kiuno. Anaitwa mvivu. Anaolewa, anapata mimba, na katika mimba damu ya mwanamke huongezeka karibu nusu ya ilivyokuwa. Mlango uliokuwa umebana ukapitisha kwa shida sasa haupitishi. Anajifungua akihema, au anakufa siku chache baada ya kujifungua, na hapo tena kuna mama mkwe, kuna mke mwenza, kuna jina litakalotajwa.

Yote hayo yalikuwa yanazuilika kwa penisilini. Koo likitibiwa mapema, homa haiji. Na hata mtoto ambaye moyo wake umekwisha kuguswa anaweza kulindwa kwa sindano moja kila wiki nne. Waganda wametuonyesha hili karibu nasi. Kaskazini mwa Uganda walipima watoto wa shule kwa ekografia ya moyo, wakachukua zaidi ya 800 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa, nusu wakapewa sindano kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliopata sindano, ugonjwa ulisonga mbele kwa chini ya mmoja katika mia, waliokosa, kwa wanane katika mia. Penisilini ni dawa ya tangu vita vya pili vya dunia. Wakati wa kuitumia ukipita, kinachobaki ni kufungua kifua na kutengeneza vali au kuweka nyingine, na kwa familia ya Mutaho hiyo ina maana ya kuvuka mpaka. Njia mojawapo inapita Muyinga na Kobero, kisha Tanzania yote hadi Dar es Salaam, kwenye taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015. Wapo waliookolewa kwa safari za namna hiyo. Lakini pima urefu wake, kutoka koo la mtoto hadi bahari.

Kuna mambo ambayo hata mlimani, bila mashine, yanawezekana. Mtu akianguka ghafla, haitikii, hapumui kawaida, ubongo wake una dakika chache tu. Asimwagiwe maji, asizungukwe na watu wanaopiga kelele. Mmoja apige magoti kando yake, aweke kiganja katikati ya kifua na kiganja kingine juu yake, mikono ikiwa imenyooka, abonyeze kwa nguvu hadi kifua kizame sentimita tano, aachie kirudi, mara mia au zaidi kidogo kwa dakika, wakipokezana bila kuacha huku mwingine akitafuta gari. Siahidi kwamba wengi watarudi. Mbali na hospitali, na miaka hii ambayo mafuta ya gari yamekuwa ya kusaka, wengi hawatarudi. Wachache watarudi, na wale waliobonyeza watakuwa wamejua kwa mikono yao wenyewe kilichosimama ni nini. Hilo nalo linapunguza minong'ono.

Nina pendekezo moja, na nimelifikiria kwa muda mrefu. Kwetu msiba hauishi kaburini. Siku chache baada ya mazishi watu hukusanyika tena kwa guca ku mazi, na baadaye sana kwa kuganduka, kuondoa msiba kabisa. Siku hizo ndugu wote wapo: waliotoka Bujumbura, waliotoka Muyinga, shangazi asiyeonekana mwaka mzima, wajukuu. Ndizo pia siku ambazo jina la mtu huanza kunong'onwa. Presha hutembea katika ukoo, na mtu ambaye baba au ndugu yake amekufa kwa moyo kabla ya uzee yuko hatarini kuliko jirani yake. Kwa hiyo hakuna mkusanyiko ulio bora kwa kupima kuliko huo. Kituo cha afya kingeweza kutuma muuguzi mmoja, pamoja na wahudumu wa afya wa kilima, wale tunaowaita abaremeshakiyago, na kipimo kimoja cha presha. Baada ya hotuba ya familia na kabla ya vinywaji kusambazwa, mzee mmoja wa Bashingantahe asimame aseme kwamba marehemu ameondoka kwa ghafla na kwamba ndugu wa damu watapimwa, wakianza kaka na dada zake, kisha watoto wake wakubwa. Mikono itolewe mmoja mmoja kwenye benchi, namba ziandikwe kwenye daftari mbele ya watu. Atakayekutwa na 170 apewe siku ya kufika kituoni, na mtu wa kumsindikiza. Mtoto aliyewahi kuvimba magoti aulizwe habari za koo lake. Na yule jirani aliyekaa peke yake nyuma ya migomba, ambaye watu hawamtazami, aitwe naye apimwe kama wengine.